Pikipiki ya Pili Niliichoma Mimi

Noëlla, mama,

Bahasha hii usiifungue kabla basi halijapita Kokstad. Najua utaifungua hapo hapo stesheni, lakini nimesema.

Saa hizi ni saa nane mchana. Umeshuka kuaga wenzako, begi lako liko wazi kitandani, na mimi nimekaa jikoni na daftari lako la hesabu ambalo hulihitaji tena. Mambo ya upepo wa Gqeberha unakokwenda kujifunza ufundi kiwandani, ya chakula, ya nani wa kumpigia ukikwama, shangazi yako Espérance amekwisha kukuambia mara tatu na kesho atakuambia tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na ni la Papa Josué.

Juzi ukikunja nguo ulisema: "Mama, nikipata cheti changu nitarudi hapa Durban, nifungue gereji mlango wa pili na duka lake. Nitamfanya alie." Nilicheka. Tena nilicheka kwa furaha, siwezi kukudanganya. Halafu kicheko kikanikwama, kwa sababu unamchukia mtu kwa habari ambayo unaijua nusu.

Nusu unayoijua nitaiandika kwanza, ili uone kwamba sijasahau hata kipande.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa fundi umeme kwenye gereji ya Papa Josué, karibu na Umbilo Road, mwanamke peke yangu kati ya wanaume watano. Waya nilifundishwa na baba yako tukiwa bado Uvira, na baada ya yeye kufariki ndizo zilizotulisha. Jumanne moja sikwenda kazini. Wewe na mimi tulisimama kwenye foleni ya makaratasi ya ukimbizi toka alfajiri mpaka saa tisa, ukala ndizi mbili, ukalala umeegemea mgongo wangu. Siku hiyohiyo Papa Josué alimfungia kijana mmoja wa kupeleka chakula taa mbili za ukungu kwenye pikipiki yake. Alifunga mwenyewe, haraka haraka, bila fyuzi. Baada ya wiki mbili pikipiki ikashika moto kule Cato Manor. Kijana akaruka, ikabaki chuma.

Alikuja gereji na wenzake saba, wengine na fimbo mkononi. "Nani alifunga hizi taa? Nani?" Unajua siku za namna hiyo zinavyokuwa kwetu sisi tuliotoka mbali. Wanaume wote wakaangalia chini. Papa Josué akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mama. Mimi nilimpa kazi kwa huruma tu."

Sasa sikiliza. Kile kidole nilikisamehe. Mtu mwenye watu wanane wenye hasira mlangoni, na gereji inayoweza kuchomwa kabla ya saa sita, ananyoosha kidole popote. Sijui mimi ningenyoosha wapi. Niliondoka siku ile nikilia, lakini nilijiambia: aliogopa, atakuja kusema ukweli.

Jumapili akasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Akamshukuru Mungu kwa kumwokoa na balaa aliloletewa na "dada mmoja tunayesali naye hapa, ambaye kazi hajui, anasahau hata fyuzi." Mle ndani hakuna aliyeshika fimbo. Kulikuwa na viti vya plastiki na akina mama wenye vitenge vyao. Siku ya fimbo aliogopa. Jumapili hakuogopa kitu.

Na wewe ukasimama, na lile gauni lako la njano. "Mama alikuwa na mimi kwenye foleni siku hiyo! Hata kazini hakwenda!" Mzee wa kanisa akakushika bega akakukalisha. Wakaanzisha wimbo. Sauti yako ilimezwa na makofi na kinanda, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikimwangalia Papa Josué akiimba na macho yamefungwa. Hapo ndipo nilipoacha kumsamehe. Sijaanza tena mpaka leo.

Miaka miwili nilisuka nywele, wewe unajua. Hakuna gereji ya Mkongo wala ya Mrundi iliyotaka mkono wangu. Nikipita Albert Park watu wanasalimia, halafu nyuma yangu mtu anasema "psss," sauti ya kitu kinachoungua, wanacheka. Ni mwanamke mmoja tu aliyekuwa akija nyumbani, anakaa, anakunywa chai. Mama Josué. Mke wake. Aliniletea sombe, yale majani ya muhogo, kwenye bakuli lenye kifuniko cha bluu, hakusema neno juu ya mume wake, na hakuuliza.

Ndipo Bwana Omari, yule Mtanzania mwenye gereji ya pikipiki kule Bluff, akanipokea. Alinionyesha pikipiki moja iliyowashinda vijana wake, waya zote ziko nje. "Haya mama, tuone." Saa mbili baadaye ikawaka. Akasema, "Kesho njoo na sahani yako, chakula hapa tunakula pamoja." Basi. Hakuuliza nilikotoka. Nilifanya kazi kwake nikiwa na amani, au ndivyo nilivyodhani.

Hii sasa ndiyo nusu usiyoijua.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumatano, pikipiki kubwa nyeusi iliingia uani. Papa Josué alivua kofia. Alikuwa ameshaacha gereji, ameshafungua duka la simu, ana tumbo. Mkononi alikuwa na kiboksi: kile kifaa cha kunusa rada za polisi wa barabarani, watu wa pikipiki wanakiita detekta. Kinalia kabla hujafika walipojificha na mashine yao ya kupima mwendo. Hapa Afrika Kusini kimekatazwa na sheria, kukifunga ni kosa na kukutwa nacho ni kosa.

Bwana Omari akakirudisha mkononi mwake. "Hapana ndugu yangu. Hicho sikifungi. Nina leseni ukutani."

Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya meza. Nikainuka.

"Eish, Mama Noëlla!" akasema. "Kumbe uko huku! Mungu ni mwema." Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Yale ya zamani tumwachie Mungu, ama namna gani?"

Nikautoa mkono wangu. Bwana Omari alikuwa anakwenda kununua vipuri mjini, akaondoka. Papa Josué akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Nifungie wewe, mama. Mimi macho yangu yamechoka, waya ndogo siioni tena vizuri. Na vraiment, kweli kabisa, mkono wako ni safi. Hakuna mtu hapa Durban anafunga waya kukushinda. Mimi iko najua."

Iko najua. Noëlla, soma tena maneno hayo. Kama angenitukana, ningemfukuza na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuja kuniambia usoni kwamba siku zote alijua. Alijua Jumapili ile. Alijua alipofumba macho kuimba.

"Iache hapa," nikamwambia. "Rudi saa kumi."

Nitakueleza nilivyofunga, kwa sababu wewe unakwenda kuwa fundi na utaelewa. Kifaa nilikiweka katikati ya usukani, nyuma ya kioo cha mbele, kione barabara bila kuzuiwa na waya za breki. Nilikikalisha juu ya mpira laini, kwa sababu mtikisiko wa pikipiki unaua kifaa kwa miezi. Mwenye kofia hasikii mlio, kwa hiyo nilimtengenezea taa ndogo nyekundu pembeni mwa saa ya mwendo. Umeme niliutoa kwenye betri kupitia rilei, ili kifaa kizimike ukitoa ufunguo kisije kikamaliza betri usiku. Maungio yote nililehemu, nikayavalisha mipira. Na fyuzi niliiweka, karibu kabisa na betri. Niliijaribu kazi yote. Ikawaka vizuri. Nikasimama nikaitazama, na naapa sijawahi kufunga kitu kizuri kuliko kile.

Halafu nikaitoa fyuzi. Nikaunganisha waya moja kwa moja. Nikaenda kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapogeukia, nikaivua ile waya mpira wake wa kuikinga, nikaivuta ikaze ili kila akikata kona chuma kiitafune kidogo. Nikafunika na tangi.

Alivyonisingizia kwa uongo, nilitaka kumfanyia kweli. Ndiyo mawazo niliyokuwa nayo, hakuna mengine. Saa kumi alikuja, akaona taa nyekundu, akafurahi sana. "Nilikuambia," akasema. "Mkono safi." Nikampungia mpaka akapotea kwenye kona.

Siku ile nilirudi nikakupikia wali na samaki, ukauliza, "Mama, leo iko nini?" Nilikuambia nimepata mteja mzuri.

Nilingoja wiki tano. Usifikiri niliteseka. Nilikuwa nikiamka na kitu cha kutazamia, kila pikipiki kubwa ikipita chini ya flati yetu nasikiliza. Watu husema hasira inachoma aliyenayo. Yangu ilinilisha. Nilinenepa.

Moto ulimkuta barabara ya South Coast, mchana, amesimama kwenye robot, taa za barabarani. Waya ilipogusa chuma iliwaka nyekundu chini ya tangi, yeye amekaa juu yake. Alijitupa, lakini suruali ilikuwa imeshika. Paja na goti la kushoto vikaungua mpaka akakaa hospitali mwezi mzima, na ndiyo maana unamwona anachechemea. Bima walipokuta detekta kwenye majivu walimfungia mlango.

Nilipata habari nikiwa gereji. Niliingia chooni nikajifungia, nikaziba mdomo kwa mkono ili nisisikike. Nilikuwa nacheka.

Kesho yake Mama Josué akaja kwetu. Hukuwepo, ulikuwa shule. Alikaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa.

"Mama Noëlla, Mungu yuko," akasema. "Mume wangu alinibeba nyuma mpaka kliniki. Nimeshuka, nimeingia getini, bado sijapata hata namba ya foleni, simu ikalia. Dakika kumi, mama! Dakika kumi mbele, mimi niko juu ya ule moto na kitenge changu!"

Alikuwa analia na kumshukuru Mungu. Akaomba tusali pamoja. Nikampa mikono yangu, akaishika, tukasali. Wiki tano zile sikuwahi kufikiri kwamba pikipiki ina kiti cha nyuma. Mimi, niliyeifungua pikipiki hiyo mpaka kwenye mifupa, sikukiona kiti.

Kosa hilo ni la kwanza. La pili nilikufanyia wewe.

Habari ilipoenea kwamba mimi ndiye nilifunga, watu walisema nini? Walisema: "Si Papa Josué alituambia toka zamani? Yule mama anasahau fyuzi." Uongo wake ukapata miguu. Nilikuwa na kitu kimoja safi, kwamba sikufanya, na kitu hicho nilikichoma pamoja na pikipiki. Wewe hukujua. Ulikuwa unafanya kazi ya Jumamosi kwenye ile saluni ya Mama Divine, mteja akalitaja jina langu na ile "psss," ukamwaga ndoo ya maji kichwani kwake na kumpiga kofi. "Mama yangu hajawahi kusahau fyuzi maishani mwake!" Wakakufukuza. Ulirudi umekwaruzwa shavu, unajivuna.

Na mimi nikakutengenezea chai. Nikakupaka mafuta kwenye lile shavu, nikanyamaza. Kusema kweli, hukudanganya: sikusahau. Lakini nilikuacha upigane kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nilimwacha Papa Josué akakae moyoni mwako kwa sababu nilipenda kuwa na mwenzangu wa kumchukia. Kwa hilo ninajuta, bila lakini yoyote.

Wiki mbili zilizopita, basi lako lilipokwisha kupangwa, nilikwenda dukani kwake. Alikuwa peke yake, anafuta vioo vya simu. Nikamwambia bila salamu:

"Fyuzi sikusahau. Niliitoa."

Hakushtuka. Aliendelea kufuta simu ile.

"Nilijua toka nikiwa hospitali," akasema. "Walinionyesha picha ya mabaki. Kazi yote ilikuwa imekamilika, ila mahali pawili. Wewe hukosei mahali pawili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Nikisema alifanya makusudi, watu wataniuliza kwa nini. Ningewaambia nini?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Bon. Wewe umeungua, mimi nimeungua. Tumelingana."

Damu ilinipanda palepale, kana kwamba ni Jumapili ile tena. "Hatujalingana. Mimi nilikuwa na sababu ya kukuchoma. Wewe ulikuwa na sababu gani? Siku ya fimbo najua. Jumapili ulikuwa na sababu gani?"

Mteja akaingia, akauliza bei ya chaja, akatoka.

"Walikuwa wanakuulizia wewe," akasema. "Gereji ni yangu, jina juu ya mlango ni langu. Mtu akiingia: mama yuko? Akiambiwa hayupo, anageuza. Kila siku, mama. Mbele ya vijana wangu."

Hiyo tu. Nilitoka nikatembea mpaka Albert Park. Miaka minane nilikuwa nimemjengea sababu kubwa kubwa.

Jumatatu nilimweleza Bwana Omari yote; mpaka siku hiyo alikuwa amekataa kuamini maneno ya watu. Alisikiliza amesimama, kitambaa begani. Akasema, "Mama, wewe ni fundi wangu bora. Lakini pikipiki ya mtu siwezi kukupa tena. Si sasa." Akanifungia chakula changu kwenye sahani nikaondoka nacho. Kwa hiyo wiki hii sikuwa likizoni kwa ajili ya safari yako, ulivyodhani. Sina kazi. Shangazi yako anajua. Usirudi kwa sababu hiyo. Nimesuka nywele kabla, naweza kusuka tena.

Ule mpango wako wa gereji mlango wa pili, uache. Sikuambii umsamehe, mimi mwenyewe sijaweza, na sitakudai kitu ambacho mimi sina. Nakuambia tu kwamba amekwisha kulia. Nilimliza mimi. Kuna siku nikimwona anachechemea kuvuka barabara bado naona utamu, halafu namkumbuka mke wake na kitenge chake, utamu unageuka mdomoni. Hayo ni yangu, nitaishi nayo. Wewe una miaka ishirini na mikono kama ya baba yako. Ukiinama juu ya waya za mtu kule kiwandani, nataka umfikirie mtu atakayekaa juu yake, na wa nyuma yake.

Na mtu wa kwetu akikuuliza huko kama mama yako ndiye yule aliyechoma pikipiki, usimpige. Mjibu: moja tu, ile ya pili.

Jumapili hii nitasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Nitasema niliitoa fyuzi kwa mkono wangu na kwa makusudi. Kama polisi watakuja, waje. Sitalitaja jina la Papa Josué hata mara moja. Sina haja. Nikikaa tu, kanisa zima litageuka kumtazama na kuuliza kwa nini, na yeye atakuwa pale, mstari wa pili, na lile goti lake, hana wimbo wa kujifichia.

Nimeliwaza jambo hili siku nyingi, Noëlla, na bado sijajua kama nakwenda kutubu au nakwenda kumchoma mara ya pili. Nikijipima kwa haki, ni yote mawili. Mama Josué atakuwa amekaa pembeni yake, naye ndiye ninayemwogopa.

Nitasimama hivyohivyo.

Mama yako